Garissa twapanda kwa maji, si kwa mvua

Kila nikishuka Malindi au Lamu kwa ajili ya Idi, swali huwa ni lile lile: huko Garissa, kwa jua lile, mwapanda nini? Muulizaji mara nyingi ashapita mjini siku moja akielekea Dadaab au Wajir, akaona vumbi, ngamia, na wale ndege wakubwa wenye vipara wanaokaa juu ya miti karibu na majaa. Mtoni hakuteremka. Lau angaliteremka angaliona migomba, miembe, mipapai na mindimu imefuatana ukingoni mwa Tana, na pampu za dizeli zikinguruma tangu alfajiri. Na lau angalibisha hodi mitaani angalikuta nyuma ya nyumba nyingi kuna kitu kidogo cha kijani: kunde, mchicha, bamia, pengine mpapai mmoja uliopandwa pale yanapomwagika maji ya udhu.

Leo nataka kueleza bustani hizi zinavyokwenda na mwaka, kwa sababu wengi wetu tuliotoka pwani tukaja kufanya kazi huku huja na kalenda ya kwetu, na kalenda hiyo haifai kitu hapa.

Pwani mtu hupanga mwaka wake kwa kaskazi na kusi, masika na vuli. Wasomali wana misimu minne. Gu ndiyo masika, kuanzia mwisho wa Machi au Aprili mpaka Mei. Hagaa ni ukame wa katikati ya mwaka, Juni mpaka Septemba. Deyr ndiyo vuli, Oktoba mpaka Disemba. Kisha Jilaal, ukame mkali wa Januari mpaka Gu irudi. Mtu wa pwani akisikia hivyo husema basi ni masika na vuli, tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba Mombasa hupata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na Garissa hupata kama 300 na kitu, tena mwaka ukiwa mwema. Zaidi ya hapo, kwetu mvua kubwa ni ya masika, na huku Deyr ndiyo ya kutegemewa zaidi. Gu yaweza kuja siku nne ikaondoka. Kwa hivyo anayengoja masika apande, kama afanyavyo mjomba wake Msambweni, atangoja sana.

Kanuni ya kwanza ya bustani ya Garissa, basi, ni hii: hapa hupandwa kwa maji, si kwa mvua. Ukiwa na maji ya uhakika, miezi mizuri kuliko yote kwa mboga ni ile ile ambayo kalenda inasema ni ukame, yaani Hagaa. Juni, Julai na Agosti jua hulegea kidogo na usiku huwa na ubaridi wa kuvumilika. Tungule hupenda hivyo. Februari na Machi, joto likipita nyuzi 36 mchana na usiku ukakataa kupoa, mtungule hutoa maua mengi ya kupendeza kisha ukayapukutisha yote bila kushika tunda hata moja. Wengi hudhani ni ugonjwa na kukimbilia duka la dawa. Si ugonjwa, ni joto tu, na hakuna dawa ya chupa inayoliponya. Sukuma wiki nayo huwa ngumu kama kitambaa. Miezi hiyo muachie bamia, kunde, mchicha, biringani na pilipili, mimea iliyozoea tabu.

Sasa maji yenyewe. Watu husema Garissa ina bahati, ina mto. Ni kweli, lakini mto kupita mjini si sawa na maji kufika mferejini. Mitaa iliyo juu hukaa siku kadhaa mifereji ikiwa mikavu, na hapo hutafutwa punda na mkokoteni wake wa jirikani. Mwenye bustani lazima ajue hesabu. Kwa joto letu, kipande cha mita moja mraba chenye mboga hunywa kama lita sita kwa siku. Kitalu cha mita tatu mraba, ambacho hakizidi jamvi la kusalia watu watatu, kinamaliza jirikani nzima ya lita 20 kila siku. Nunua jirikani hiyo kila siku ya Jilaal, bei ikiwa juu, uone kama huo mchicha wako si ghali kuliko nyama.

Ndipo maji ya udhu yanapoingia. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitawadha mara tano kwa lita moja moja, ni lita 30 kwa siku. Na lita moja si ubahili, Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa maji yasiyofika hata hiyo lita. Kwa sisi Mashafii maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu hayafai kutawadhia tena lakini ni safi, na mmea hauna shida nayo. Lita 30 ni kitalu kimoja na nusu bila senti kutoka mfukoni. Majirani zangu wengi wameelekeza kijifereji cha sementi kutoka mahali pa udhu mpaka kwenye mgomba au mpapai. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi ni jambo jingine: yape mgomba, usiyape mboga za majani.

Kuna elimu moja ya bara inayotupoteza. Vitabu na maafisa wa kilimo waliosomea sehemu za mvua nyingi hufundisha kuinua matuta ili maji yasituame. Hapa tuta lililoinuliwa hukauka kabla ya adhuhuri. Kitalu cha Garissa huchimbwa kiwe chini ya ardhi kama sinia, udongo ukachanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa, kisha kikafunikwa kwa nyasi kavu ili jua lisifike mchangani. Juu yake lazima kuwe na kivuli, ama neti ama makuti. Samadi, alhamdulillahi, ndiyo kitu pekee tusichopungukiwa.

Walioipeleka mbali zaidi hesabu hii ni akina mama wa kambi za Dadaab. Tangu 1991 watu wameishi pale kwa maji ya kupimiwa, na katika Ifo, Dagahaley na Hagadera utakuta bustani za gunia. Gunia husimamishwa, katikati hupangwa nguzo ya mawe madogo kutoka chini mpaka juu, pembeni hujazwa udongo na samadi. Maji humiminwa juu ya mawe, yakateremka na kulowesha gunia lote. Ubavuni hutobolewa matundu, kila tundu mche mmoja. Gunia moja hubeba miche mingi kwenye nafasi ya beseni, na hunyweshwa maji ya kuoshea vyombo. Nimeona watu wenye diploma, mimi nikiwa mmoja wao, wakisimama mbele ya gunia kama hilo wakiuliza maswali kama wanafunzi.

Wanaolima mtoni wana furaha kubwa kuliko sisi wa mitaani, na majonzi makubwa pia. Tana huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ikapita kwenye mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo ikateremka kwetu. Kwa hivyo mafuriko ya Garissa hayahitaji wingu la Garissa. Mbingu yaweza kuwa nyeupe pe, mbuzi wakitafuta kivuli, na mto unapanda kwa sababu kulinyesha Murang'a na Nyeri na mabwawa yamejaa mpaka yakamwagika. Novemba 2023, baada ya misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, El Niño ilikuja ikaleta yote kwa pamoja. Aprili na Mei 2024 mto ukarudi tena. Waliokuwa wamekopa mafuta ya pampu wakati wa ukame wakaona migomba yao imesimama ndani ya maji kama mikoko.

Mimea nayo haikufi sawasawa. Mpapai ukisimama majini siku mbili tatu umekwisha, mizizi huoza hata kama majani bado yana rangi. Mgomba huvumilia zaidi kidogo. Mwembe mkubwa huweza kukaa hivyo kwa muda mrefu na bado ukazaa. Kwa hivyo mwenye busara hapandi mipapai kwenye kibonde cha karibu na maji, hata kama udongo wake ni mweusi wa kutamanisha. Na maji yakishuka huacha tope laini ambalo hakuna mbolea ya duka inayolifikia. Wapokomo wamelima kwa kufuata maji yanavyorudi tangu zamani, na ukitaka kujua siku ya kupanda baada ya mafuriko muulize mzee wao, usiulize pakiti ya mbegu.

Hapa nina neno na wakubwa. Mkulima wa ukingoni hahitaji mahindi ya msaada mafuriko yakishapita kama anavyohitaji siku tatu za onyo kabla hayajafika. Maji ya mabwawa husafiri siku kadhaa mpaka kutufikia. Ujumbe upelekwe misikitini na kwenye redio, kwa Kisomali, Kipokomo na Kiswahili, kwa maneno ya mtu wa kawaida: ondoeni pampu, vuneni ndizi changa. Pampu moja iliyookolewa ni msimu mzima umeokoka.

Lakini ni mafuriko hayo hayo yaliyowafunza watu thamani ya kibustani. Barabara ilipokatika Mororo, watu wakivushwa kwa mashua, malori ya mboga kutoka bara yalikwama ng'ambo ya pili. Hapo mwenye vitalu vitatu vya kunde nyuma ya nyumba alikuwa tajiri wa mtaa. Hakuuza, aligawa, na mpaka leo anaitika salamu nyingi.

Kero nyingine ni za kila siku. Mbuzi wa mjini ni raia kamili, hana mchungaji na haogopi mlango. Ua wa miiba ni lazima. Wengine huweka mathenge, ule mti uliopandwa kuzuia jangwa ukageuka kuwa balaa, wa Baringo hata wakamfikisha mbuzi asiye na meno mahakamani kwa ajili yake. Kama ua hauna mpinzani. Kama jirani ni mnyang'anyi, hunywa maji ya mimea yako na kuotesha watoto wake katikati ya bamia, na kuung'oa ni kazi ya mwaka. Huko mashambani twiga huja wakati wa kiangazi wakitaka mto, na shamba likiwa njiani wanapita humo humo. Nyani na tumbili hawahitaji hata kiangazi. Na mwisho wa 2019 nzige walivuka kutoka Somalia na Ethiopia wakaingia Mandera na Wajir kisha kwetu. Hilo si la kuwekea ua.

Kwa vidukari na inzi weupe tuna mwarobaini, nao umejaa kila mtaa. Wengi huchemsha majani, lakini nguvu iko kwenye kokwa. Zitwange, ziloweke usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ishike kwenye majani, pulizia jioni. Ukipulizia asubuhi jua linaichoma dawa kabla haijafanya kazi.

Nije kwenye Ramadhani, maana hapo ndipo kila mtu hutaka bustani. Tikitimaji, ndimu na papai hupanda bei kabla mwezi haujaandama. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na miaka hii imeangukia Machi na Februari, yaani ndani ya Jilaal kabisa. Tikiti huchukua siku 80 mpaka 90 tangu mbegu iingie ardhini. Anayetaka tikiti la futari ya Februari lazima apande Novemba, katikati ya Deyr, wakati ambapo mto una uwezo wa kuja kuchukua kila kitu. Ndiyo sababu tikiti la Ramadhani ni ghali. Bei ile ina hofu ya mafuriko ndani yake. Wanaojua hugawa mbegu: nusu karibu na maji, nusu juu kwenye ardhi ngumu ambako itabidi kununua maji. Upande mmoja ukienda, mwingine hubaki. Na Ramadhani ikiendelea kurudi nyuma kuelekea Januari na Disemba, siku za kupanda nazo zitasogea mpaka Hagaa, na mambo yatakuwa rahisi zaidi.

Mke wangu, ambaye ni mtu wa Lamu, hana habari na tikiti. Yeye alitaka asmini. Alileta vipando viwili ndani ya kopo kwa basi la Garsen na Hola, vimefungwa kwa kitambaa cha maji, na jirani yetu mtu mzima, tunayemwita Eddo, akamuuliza kwa nini anampa maji mmea usioliwa, wakati mbuzi wana kiu. Swali lilikuwa la haki. Asmini ikapandwa kwenye mfereji wa udhu, chini ya kivuli cha mwarobaini, na ilikaa Hagaa nzima bila kufanya lolote. Deyr ilipoingia ikachanua. Sasa jioni Eddo hupita kuchuma vifumba vichache kabla ya magharibi, na Ijumaa huagiza pia mrehani. Mbuzi wake tumemuomba awafunge.