KARATASI ZA MIONZI NA UCHUNGUZI WA MOYO

Mama aliyetibiwa saratani ya titi kwa mionzi akapona, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, aghalabu huzikunja karatasi za hospitali akazitia sandukuni, asitake kuziona tena. Wananchi wanaombwa wasizitupe karatasi hizo, na sababu yake ni moyo.

Moyo umekaa kifuani ukielemea kushoto. Mionzi inayoelekezwa kwenye titi, khususan la kushoto, huweza kuufikia kwa kiasi fulani, ikaathiri mishipa inayoulisha damu, vali na misuli yake. Madhara hayo hayana haraka. Utafiti wa Sweden na Denmark uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu wanawake 2,168 waliotibiwa kwa mionzi kati ya 1958 na 2001, ulionesha kwamba kadiri moyo ulivyopata mionzi mingi ndivyo hatari ya maradhi ya mishipa yake ilivyozidi. Ongezeko hilo lilianza ndani ya miaka mitano ya mwanzo, likaendelea kwa miaka isiyopungua 20.

Hapo ndipo penye tatizo. Mama aliyepona zamani anapoanza kuhema akipanda ngazi, au kuvimba miguu, jamaa husema ni uzee, au ni presha. Daktari naye, asipoambiwa habari ya mionzi, hana la kumfanya aifikirie.

Kipimo cha kuanzia ni eko. Hakiumi wala hakina mionzi. Ni ndugu wa kile wanachopimwa wajawazito. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, na chombo kidogo kinachopitishwa kifuani hupeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika, yakarudi na kuchora picha ya moyo ukipiga. Daktari huona vali zikifunguka na kufunga, na hukadiria kiasi cha damu kinachosukumwa kwa kila pigo. Mashine za siku hizi hupima pia misuli inavyojikunja, na huweza kuonesha udhaifu kabla kiasi hicho hakijashuka. Mishipa ya moyo yenyewe haionekani vyema kwa eko, kwa hiyo penye shaka huagizwa picha ya CT skani.

Mwaka huo huo wa 2013, jumuiya za wataalamu wa eko za Ulaya na Marekani zilipendekeza aliyepigwa mionzi ya kifua apimwe baada ya miaka kumi, hata akiwa hana dalili. Aliyepigwa upande wa kushoto, naye ana kisukari au shindikizo la damu, asingoje zaidi ya miaka mitano.

Maelezo haya yasifahamike kuwa mtu aikimbie mionzi. Kwa wagonjwa wengi faida yake yaishinda hatari, na siku hizi wengine huelekezwa wavute pumzi na kuizuia wakati wa tiba, ili moyo usogee mbali na titi.

Waliovuka kwenda kutibiwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au kwengineko, nao hawana karatasi, waiombe hospitali iliyowatibu iwaandikie mwaka, upande, kiwango cha mionzi na dawa walizopewa, kwani baadhi ya dawa za saratani nazo hudhoofisha moyo. Karatasi hiyo ioneshwe kwa kila daktari, hata anayetibu kikohozi.