Hifadhi, Akiba na Kibali: Istilahi za Matumizi ya Kando ya Barabara

Mfasiri aliyepewa kazi ya kuweka katika Kiswahili masharti yanayomruhusu mtu binafsi kutumia sehemu ya barabara ya umma, ili aweke kibanda, apitishe bomba, asimike bango au amwage mchanga wa kujengea kwa siku mbili tatu, hakosi maneno. Maneno yamejaa tele: ruhusa, idhini, kibali, leseni, hati, kitambulisho, stakabadhi. Taabu yake ni kwamba maneno hayo hutumika kana kwamba yote ni mamoja, na anayepata hasara kwa mchanganyiko huo si mfasiri bali ni mwenye kibanda. Tangu mwaka 2021, ambapo Bunge lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, jambo hili limetoka katika meza za wanaisimu na kuingia katika ofisi za watendaji. Kwa hiyo tumeona inafaa tulichunguze kwa kutazama mahali mahsusi, yaani Masasi na Newala.

Masasi ni njia panda. Iko chini ya milima ya mawe, magharibi ya uwanda wa juu wa Makonde, nayo hukutanisha barabara itokayo Lindi na Mtwara kupitia Ndanda, ile iendayo Tunduru na Songea, ya Nachingwea, ya Newala, na ile ishukayo Mangaka hadi Mtambaswala, ambapo Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010 kuvuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Mji wa namna hiyo huishi kwa kando ya barabara. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, mahali palipojulikana kwa shida ya maji. Tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukiyapandisha kwa mitambo kutoka mabondeni, na mabomba hayana budi kufuata barabara na kuzikata. Hivyo miji hii miwili inatupatia mifano yote tunayoihitaji, ya muuza ndizi na ya bomba kuu la maji.

Tuanze na kosa jepesi. Katika tafsiri nyingi tunakuta maneno «kibali cha manispaa». Masasi na Newala hazina manispaa. Kila moja ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, na manispaa ya Mkoa wa Mtwara ni Mtwara-Mikindani peke yake. Isitoshe, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, mwenye kuruhusu ni mamlaka ya barabara. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania, na za wilaya, tangu mwaka 2017, ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mwananchi aliyeandikiwa «manispaa» atakwenda kubisha mlango usiokuwapo. Mfasiri aandike «mamlaka ya barabara» na kuendelea na kazi.

Zito zaidi ni «haki ya njia». Msemo huu ni tafsiri ya neno kwa neno, nao umebebeshwa dhana tatu. Ya kwanza ni haki ya mtu au ya umma kupita katika ardhi ya mwingine, ambayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua pamoja na haki ya kupitisha nyaya na mabomba. Ya pili ni ukanda wenyewe wa ardhi uliotengwa kwa barabara. Ya tatu ni kipaumbele cha dereva kwenye makutano. Tunashauri ya kwanza iitwe haki ya kupita. Ya tatu iachiwe walimu wa udereva, ambao tayari wana neno zuri la kupisha. Ya pili ndiyo inayotushughulisha hapa.

Ukanda huo kwa Kiswahili cha ofisini huitwa hifadhi ya barabara. Neno hifadhi lina maana ya kutunza kitu kisiharibike. Tunahifadhi msitu, tunahifadhi nyaraka, tunahifadhi chakula. Mtu akisikia hifadhi, hufikiri juu ya kitu chenye thamani ndani yake ambacho hakitakiwi kuguswa. Sasa atazame kando ya barabara ya Newala: anaona majani, mtaro, na mkorosho wa jirani. Kinachohifadhiwa ni nini? Ni rahisi akate shauri kwamba ardhi hiyo haina kazi na serikali imeisahau.

Lakini Kiswahili hicho hicho, kilipotafuta jina la maeneo ya wanyama yaliyotengwa, kama Msanjesi huko Masasi na Lukwika-Lumesule upande wa Nanyumbu, kilisema pori la akiba. Akiba ni kitu kilichowekwa kando kwa ajili ya haja itakayokuja. Kila mkulima wa korosho anajua akiba ni nini, na anajua kwamba mwenye akiba ataitaka siku moja. Ukanda wa barabara ndivyo ulivyo hasa: umewekwa kwa ajili ya upanuzi, mitaro, nguzo na mabomba ya kesho. Lau tungesema «akiba ya barabara» tangu mwanzo, neno lenyewe lingalimfundisha mwananchi kwamba kukaa hapo ni kwa muda. Hatupendekezi kuling'oa neno hifadhi. Limekwisha kuzoeleka katika kanuni, vibao na mahakama, na kubadili istilahi iliyoota mizizi huleta hasara kuliko faida. Tunaomba tu kwamba mwalimu anapolifafanua alieleze kwa akiba, na mfasiri anapotoa fasili aseme «ardhi iliyowekwa akiba kwa matumizi ya barabara».

Sasa tuje kwenye kibali. Neno hili ni ndugu wa kitenzi kukubali, nalo lina ladha ya ridhaa ya mkubwa: aliyekubali leo aweza kutokubali kesho, kwa masharti aliyoyataja. Ndiyo sababu linafaa sana hapa. Leseni ni ya kufanya kazi au biashara fulani, popote inaporuhusiwa. Hati, katika mambo ya ardhi, imekwisha kushikamana na umilikaji, na kumwandikia mwenye kibanda «hati ya kutumia hifadhi» ni kumpa matumaini ya uongo. Stakabadhi huthibitisha kwamba fedha imelipwa, basi. Hata hivyo, mama anayelipa ushuru kila siku na kupewa stakabadhi kila siku ana haki ya kushangaa akiambiwa kwamba hajaruhusiwa kukaa pale. Serikali imepokea fedha yake mahali pale pale. Hapo lawama si ya lugha peke yake.

Mfano mkubwa ni wa vitambulisho. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Kitambulisho, kama jina linavyosema, humtambulisha mtu; hakitaji mahali. Lakini wengi walikielewa kuwa ni ruhusa ya kukaa popote, na ilipofika Oktoba 2021, wafanyabiashara walipoondolewa kando ya barabara katika miji mingi, tofauti ya kitambulisho na kibali ilieleweka kwa gharama kubwa. (Inafaa tukumbuke kwamba jina la machinga, ambalo nchi nzima huwaita watu hao, limetokana na Wamachinga wa Lindi, majirani wa hawa tunaowazungumzia.)

Neno la mwisho ni mvamizi. Sheria ya mwaka 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyekuwa amejenga kwa halali katika zile mita 7.5 zilizoongezwa hakuvamia chochote. Watu wenyewe walikwisha kupata usemi ulio sahihi kuliko wa maofisa: yupo aliyeifuata barabara, na yupo aliyefuatwa na barabara. Hata rangi za alama ya X ukutani zimefuata mgawanyo huo, nyekundu kwa asiyestahili fidia na kijani kwa anayestahili. Barabara ya Mtwara, Newala na Masasi, yenye urefu wa kilometa 210 hivi, ilipoanza kujengwa kwa lami, tofauti hiyo ilikuwa tofauti ya nyumba na fidia. Katika barua rasmi, mvamizi aitwe yule tu aliyeingia baada ya mpaka kuwekwa. Mwingine aitwe mwenye haki ya fidia, na barua yake iandikwe tofauti.

Kwa fomu yenyewe tunapendekeza maneno haya: «Kibali cha muda cha kutumia hifadhi ya barabara. Mwenye kibali hiki hapati haki yoyote ya umilikaji wa ardhi. Mamlaka ya barabara ikiihitaji sehemu hii, mwenye kibali ataondoa mali yake kwa gharama yake mwenyewe, baada ya kupewa taarifa ya maandishi ya siku ....» Nafasi ya siku isiachwe wazi wakati wa kutia sahihi.