Miligramu 5 kutoka kichupa cha 60

Mtoto njiti wa kilo moja anahitaji dawa kidogo sana ili ubongo wake, ambao haujakomaa, uendelee kuamrisha pumzi. Kafeini sitreti huanza kwa miligramu 20, kisha miligramu 5 kila siku. Kwa siku ya kwanza na wiki nne zinazofuata, tukiacha nyongeza ya uzito, jumla ni miligramu 160. Nusu yake tu ndiyo kafeini yenyewe: 80, pungufu ya iliyomo katika kikombe kikubwa cha kahawa.

Jaribio lililoongozwa na Barbara Schmidt wa Kanada lilifuatilia watoto 2,006 waliozaliwa na gramu 500 hadi 1,250. Walipotimiza miezi 18 hadi 21, waliofariki au kubaki na ulemavu walikuwa asilimia 40.2 ya waliopewa kafeini, dhidi ya 46.2 ya waliopewa dawa bandia. Yaani kwa kila watoto 17 wanaotibiwa, mmoja anaepushwa na balaa hilo. Waliopata kafeini pia waliondolewa kwenye mashine ya kupumulia takriban wiki moja mapema, na gharama ya kumhudumia kila mmoja ikapungua kwa kama dola 9,000 za Kanada.

Penye mashine chache, akiba hiyo haipo. Inabaki bei ya dawa, na hapo ndipo kichupa kinapoumiza. Kichupa cha kawaida kina mililita 3, miligramu 60, bila kihifadhi. Kikishafunguliwa, kinachobaki hutupwa. Wodi inayomfungulia kila mtoto kichupa chake kila siku hutumia miligramu 5 na kumwaga 55. Watoto 17 kwa siku 29 watamaliza vichupa 493. Mfamasia akiwapimia wote dozi za siku kwa pamoja, katika mazingira safi, vichupa 62 vinatosha: sita siku ya kwanza, viwili kila siku inayofuata.

Kwa kinga, yaani kutoa dawa kabla pumzi haijakatika, hesabu hii inabana zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa uzito kafeini kwa njiti ambao pumzi tayari inakatika. Kuwakinga waliozaliwa kabla ya wiki 34 za ujauzito lilisema kunaweza kufikiriwa, kwa kuwa ushahidi bado ni hafifu. Kinga huwapa dawa hata ambao wasingekatikiwa pumzi kamwe, kwa hiyo naona hospitali ipange kwanza ugawaji, ndipo ipanue kinga.

Dawa mbadala, aminofilini, ni ya bei nafuu, lakini dozi inayosaidia na inayodhuru zimekaribiana mno, na moyo wa mtoto huweza kwenda mbio. Sioni kuwa bei yake ni sababu ya kuikwepa kafeini.

Hospitali ya wilaya yenye njiti wawili haitaokolewa na ugawaji: itatumia miligramu 10 na kumwaga 50. Hiyo inahitaji vichupa vidogo, na wanunuzi wa dawa wa serikali ndio wenye nguvu ya kuvidai kwa watengenezaji.