Umeweka oili ya gari kwenye pikipiki? Usikate tamaa, ila simama kwanza

Msikilizaji wetu wa Bungu, dereva wa bodaboda, ametuuliza swali akiwa na hofu. Alibadilisha oili mwenyewe nyumbani ili aokoe pesa ya fundi, akatumia oili iliyobaki kwenye kopo la gari. Siku mbili baadaye, akipanda mlima na abiria, injini ililia kwa nguvu lakini pikipiki haikuvuta. Pikipiki ni ya mkataba, na tajiri anataka hesabu yake kila jioni. Je, ameua giaboksi?

Huenda hajaiua. Lakini asiendelee kuiendesha hivyo.

Oili moja, kazi tatu

Gari lina oili ya injini na oili ya giaboksi, kila moja mahali pake. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, oili moja inalainisha injini, gia na klachi. Pleti za klachi zimelowa humo humo, na lazima zishikane ili nguvu ya injini ifike kwenye tairi.

Baadhi ya oili za gari, hasa zile nyepesi za kupunguza ulaji wa mafuta, zina dawa ya kuongeza utelezi. Kwa gari ni faida. Kwa pikipiki, pleti zinateleza, na mlimani ndiko utakakogundua kwanza. Zikiteleza muda mrefu zinaungua. Kwa hiyo kinachoumia mwanzo ni klachi, si meno ya gia.

Fanya hivi

1. Angalia mkono wa klachi. Ukikosa uchezaji kidogo, waya umekazwa mno, na hiyo pekee huweza kuleta utelezi.
2. Mwaga oili yote injini ikiwa vuguvugu. Rudisha nati na washa yake, kaza bila kupitiliza.
3. Nunua oili ya pikipiki. Tafuta maandishi JASO MA au MA2 kwenye kopo. Yenye JASO MB si ya klachi hii.
4. Pima pikipiki ikiwa wima mahali tambarare. Oili ikae kati ya alama mbili. Kuzidisha nako ni kosa.
5. Endesha taratibu bila abiria. Utelezi ukibaki, fundi afungue klachi akague pleti.

Wakati wa kuogopa kweli

Ukiona vipande vya chuma kwenye oili uliyomwaga, gia inaruka yenyewe, au kuna mkwaruzo mkubwa ndani, zima injini. Isukume mpaka kwa fundi. Vivyo hivyo kama uliendesha huku oili imevuja ikaisha.

Oili chafu usiimwage karibu na mto au chemchemi. Watu wa bondeni wanakunywa maji hayo.

Mwisho, mweleze fundi ukweli kuhusu oili uliyoweka, na tajiri pia. Pleti zilizowahiwa ni gharama ndogo kuliko injini nzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua.