Nambari Moja, Njia Thelathini

Mtu aliye Nyakunguru, kando ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, akitaka kuipigia ofisi yenye simu ya mezani mjini Tarime kwa simu yake ya mkononi, hutanguliza 028, alama ya Mara pamoja na Mwanza, Kagera na Shinyanga. Aliye Muscat hutanguliza +255, akaiacha ile sifuri ya 028. Na jirani wa ofisi hiyo, mwenye simu ya mezani pia, hubonyeza tarakimu saba basi. Laini ni ileile.

Jambo hili, dogo kwa mpigaji, lilikuwa adha kubwa kwa mafundi wa laini za simu za kidijitali ziitwazo ISDN, zilizowekewa kanuni za kimataifa katika miaka ya 1980. Laini ndogo ya namna hiyo ni jozi moja ya nyaya za shaba, lakini hubeba njia tatu: mbili za sauti au data, kila moja biti 64,000 kwa sekunde, na ya tatu, ya biti 16,000, ipelekayo habari za simu yenyewe, yaani nani anapiga na anamwita nani. Laini kubwa, katika nchi nyingi, ina njia 30 za sauti au data.

Je, njia 30 zahitaji nambari 30? La hasha! Nambari hupewa laini, wala si njia, hata watu thelathini waweza kuipigia ruta, kile chombo kiunganishacho kompyuta na mtandao, kwa nambari moja, na mtambo wa simu ukamtafutia kila mmoja njia iliyo wazi. Aidha, laini ndogo yaweza kupewa nambari kadhaa, hii ya simu, hii ya faksi, hii ya ruta, na kila chombo kikaitikia iliyo yake tu.

Maana ruta haingoji kengele. Husoma tarakimu zilizoletwa na njia ile ya tatu. Ikiwa fundi ameiandikia 028 na tarakimu saba, ilhali mtambo unaleta saba peke yake, au nne za mwisho, ruta itadhani anaitwa mwingine, na mpigaji atangoja bure, ingawa nyaya ni nzima na ankara imelipwa. Fundi mwenye busara hupiga kwanza simu ya majaribio, akasoma katika kumbukumbu za ruta jinsi tarakimu zilivyofika, kisha akaziandika vivyo hivyo. Na mafundi wa simu za ofisini zipitazo kwenye intaneti wanafanya hivyo hadi leo.