Likizo ya mwalimu imeishia wodini

Daftari lenyewe ni la mwanafunzi, la bei ya chini kabisa. Limepigwa mistari kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wa mtu aliyezoea kusahihisha. Kushoto kuna siku za wiki, halafu uji wa asubuhi, kufua, chakula cha jioni, kulala na mgonjwa. Safu ya mwisho ina nambari za vitanda tu, na juu yake imeandikwa: "hana mtu". Yote hayo ni kwa wino. Ukingoni mwa ukurasa, kwa penseli na herufi ndogo mno, nikasoma: mtoto ana homa, Jumatano.

Nililikuta wodini, katika hospitali moja ya umma hapa Bujumbura, nilipokwenda kumjulia hali jamaa. Mwenye daftari ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Buyenzi, aliyeomba nisimtaje jina. Likizo kubwa imemkuta mama mkwe amelazwa, watoto wako nyumbani, na kikundi chake cha akina mama wa mtaa kinawapikia wagonjwa wasio na ndugu mjini.

Aliyewahi kuuguza nchini hapa anajua: daktari hutibu, lakini ugali, sabuni, shuka na mtu wa kumgeuza mgonjwa usiku hutoka nyumbani. Tangu Mei 2006 wanaojifungua na watoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure, na mwaka huohuo Human Rights Watch iliandika juu ya wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Bili zimesemwa sana. Sufuria bado.

Kwa nini homa ya mwanawe iwe ya penseli? Alicheka kwanza. Mtoto, alisema, ana dada yake mkubwa, ana jirani wa kugongewa mlango. Mtu mwingine akishika zamu, yeye hufuta. Mwenye kitanda cha "hana mtu" ametoka mlimani, mbali, na uji usipofika hakuna wa kumuuliza. Aliyeahidiwa haandikwi kwa penseli. Sikuridhika, na sidhani kama yeye aliridhika, maana hapo hapo alihamia kwenye uji.

Na uji anaujua. Unga ni wa mahindi, mtama na soya. Upikwe mwepesi kuliko unavyoutaka, kwa sababu njiani utakuwa mzito. Chupa ya chai isuuzwe kwa maji ya moto kabla ya uji kumiminwa. Sukari isitiwe jikoni, kwani mwenye kisukari humtambui kwa kumtazama. Ifungwe kwenye karatasi, kila mtu ajitilie baada ya kumuuliza muuguzi. Jumamosi ndiyo siku ngumu: asubuhi watu wako kwenye kazi za pamoja za mtaa na barabara hazipitiki, hivyo uji hupikwa usiku na kuondoka na wa kwanza kutoka msikitini alfajiri. Siku nyingine mafuta ya gari hayapatikani, basi anatembea.

Nilipekua kurasa nikitafuta jina la mumewe, maana aliyelazwa ni mama yake mzazi. Halimo. Mwalimu alinieleza kuwa mwanamume haruhusiwi kulala wodi ya wanawake. Ni kweli. Na kufua je? Hakujibu, nami sikumshikilia.

Alipanga kushona sare za watoto likizo hii na kupumzika mgongo unaomsumbua. Sare hazijakatwa, na mgongo ameuzungumzia mara moja tu, akiinama kuchukua ndoo.

Shule zinafunguliwa Septemba. Mama mkwe huenda akawa amesharuhusiwa, lakini vitanda vya "hana mtu" havitakosa watu, na wengi wa kikundi ni walimu kama yeye. Mwenye asubuhi yake huru Buyenzi, Bwiza au Nyakabiga awatafute. Hospitali nazo ziuingize uji huo kwenye bajeti. Chakula cha mgonjwa hakiwezi kufuata kalenda ya shule.