Kwa nini mchezaji bora wa chuo anaweza kukosa nafasi NBA?

Mwezi Aprili 2022, Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alitangazwa kuwa mchezaji bora wa mwaka wa mpira wa kikapu katika vyuo vikuu vya Marekani. Akiichezea Kentucky, alikuwa amepata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa kila mchezo. Miezi 14 baadaye, tarehe 22 Juni 2023, timu za ligi ya kulipwa ya NBA zilikutana mjini New York kuchagua wachezaji wapya. Majina 58 yalisomwa. La Tshiebwe halikuwamo.

Miaka miwili baadaye, katika ukumbi huohuo wa Brooklyn, lilisomwa jina la kijana mwingine wa ukanda huu. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, pembezoni mwa Kampala, alichaguliwa wa kumi na kububujikwa na machozi mbele ya kamera. Msimu wake mmoja chuoni Duke ulikuwa na wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6, yaani nusu au pungufu ya zile za Tshiebwe.

Msikilizaji anaweza kuuliza kwa haki: aliyefunga zaidi na kudaka mipira zaidi aliachwaje, na mwenye takwimu ndogo akachukuliwa? Jibu limo katika kazi ya watabiri wa NBA, ambao hawaulizi nani ni bora leo. Wanauliza nani atakuwa bora miaka mitano ijayo, katika mchezo usiofanana sana na ule wa chuoni.

Uteuzi unavyofanyika

Uteuzi huo, ujulikanao kama drafti, hufanyika kila mwaka mwezi Juni kwa duru mbili. Kuna timu 30, hivyo nafasi huwa 60, isipokuwa timu inapopokonywa nafasi yake kwa kuvunja kanuni, kama ilivyotokea mwaka 2023. Timu dhaifu hupewa kipaumbele, ila anayechagua wa kwanza hupatikana kwa bahati nasibu kati ya timu 14 zilizokosa hatua ya mtoano. Mwaka 2025 Dallas ilikuwa na uwezekano wa asilimia 1.8 tu, ikashinda, na kumchukua Cooper Flagg, aliyekuwa akicheza pamoja na Maluach Duke.

Mchezaji sharti awe anatimiza angalau miaka 19 ndani ya mwaka wa uteuzi. Upande wa vyuo, daraja la juu la wanaume lina timu zaidi ya 350 na wachezaji zaidi ya 4,000. Hao wote, pamoja na vijana wa Ulaya, Australia na kwingineko, hutazamia nafasi hizo 60. Tena nafasi hazilingani. Anayechaguliwa katika duru ya kwanza hupata mkataba wenye malipo ya uhakika kwa miaka miwili, na timu ina hiari ya kuuongeza hadi minne. Wa duru ya pili hana uhakika huo. Ndiyo maana tofauti kati ya nafasi ya 30 na ya 31 inaweza kubadili maisha ya familia nzima.

Umri hutangulia pointi

Jambo la kwanza analotazama mtabiri ni tarehe ya kuzaliwa. Fikiria mwanafunzi wa darasa la saba anayewashinda wa darasa la nne katika hesabu. Ushindi wake ni wa kweli, lakini hautuambii mengi. Wa darasa la nne akikaribiana na wa darasa la saba, hapo mwalimu hugeuka kumtazama.

Vivyo hivyo chuoni. Timu moja inaweza kuwa na kijana wa miaka 18 na mtu mzima wa miaka 23. Tshiebwe alikuwa na miaka 22 aliponyakua tuzo zake. Aliamua kurejea Kentucky kwa msimu mwingine, na alipoingia kwenye drafti alikuwa na miaka 23. Maluach alikuwa na miaka 18, na hakuwa amecheza mchezo huu hata kwa miaka saba.

Watabiri hukusanya kumbukumbu za wachezaji wa miaka iliyopita: walifanya nini chuoni wakiwa na umri gani, na baadaye wakawa nani. Kisha humlinganisha kijana wa leo na wale waliofanana naye. Katika hesabu hizo, wastani wa pointi 10 wa kijana wa miaka 18 unaweza kuwa na uzito kuliko wastani wa pointi 17 wa mwenye miaka 23, kwa kuwa wa kwanza bado ana safari ndefu ya kukua.

Mwili hauna mazoezi ya kuurefusha

Jambo la pili ni maumbile. Kila mwezi Mei, vijana kadhaa hualikwa Chicago ambako hupimwa bila viatu: kimo, upana wa mikono iliyonyooshwa, mahali mkono ulioinuliwa unapofika, na namna wanavyoruka. Maluach ana urefu wa takriban mita 2.15, na mikono yake ikinyooshwa kutoka ncha hadi ncha hufikia takriban mita 2.30. Vipimo kama hivyo ni adimu hata miongoni mwa wachezaji wa kulipwa.

Tshiebwe ni mwenye nguvu za ajabu na mikono mirefu, lakini kwa anayecheza chini ya kikapu kimo chake cha mita mbili na sentimita chache ni cha chini. Chuoni aliwasukuma wapinzani na kudaka mpira juu ya vichwa vyao. Swali la watabiri lilikuwa: itakuwaje atakapokutana kila usiku na watu warefu kuliko yeye, nao wana nguvu kama zake?

Takwimu zipi husafiri?

Si kila takwimu ya chuoni huvuka mpaka wa kuingia NBA ikiwa salama. Kwanza, wastani wa pointi kwa mchezo hupotosha, kwa sababu timu moja hucheza kwa kasi na nyingine polepole, na mmoja hupewa dakika 35 ilhali mwingine hupewa 20. Kwa hiyo wataalamu huhesabu kwa kila mashambulizi 100 badala ya kwa kila mchezo. Maluach alicheza dakika 21 hivi kwa mchezo, katika timu iliyojaa wafungaji. Uchache wa pointi zake ulitokana kwa sehemu na uchache wa nafasi.

Pili, kuna suala la idadi. Msimu wa chuo ni michezo kati ya 30 na 40 tu. Maluach alijaribu mitupo 16 ya pointi tatu msimu mzima na kufunga minne. Kutokana na mitupo 16 hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama mtu anajua kutupa au la. Ndiyo sababu watabiri hugeukia mitupo huru, ile ya adhabu isiyo na mlinzi. Hiyo hutupwa mara nyingi zaidi, kutoka umbali uleule, na huonyesha ufundi wa mkono wenyewe. Maluach alifunga zaidi ya asilimia 75 ya mitupo huru, kiwango kizuri kwa mtu wa kimo chake, na hilo liliwapa watabiri tumaini kwamba siku moja atatupa kutoka mbali.

Kwa kanuni hiyohiyo, mchezo mmoja haupaswi kumjenga wala kumbomoa mtu. Katika nusu fainali ya kitaifa ya mwaka 2025, Duke ilipofungwa na Houston, Maluach hakudaka hata ribaundi moja. Mashabiki walikasirika. Timu za NBA zilirudi kutazama michezo mingine yote ya msimu.

Mchezo uleule, sheria tofauti

Jambo la tatu, na pengine ndilo lililomwangusha Tshiebwe, ni kwamba chuo na NBA hazichezi kwa masharti sawa. Mstari wa pointi tatu katika vyuo uko mita 6.75 kutoka kikapuni. Katika NBA, mbele ya kikapu, uko mita 7.24. Chuoni timu ina sekunde 30 za kushambulia, NBA ina 24. Mchezo wa chuo una dakika 40, wa NBA una 48.

Kuna pia sheria ambayo watazamaji wengi hawaijui. Katika NBA, mlinzi haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu katika eneo lililo mbele ya kikapu bila kumkaba mpinzani wa karibu. Chuoni hakuna katazo hilo. Kwa hiyo mtu mkubwa wa chuoni anaweza kusimama mlangoni kama askari wa zamu, ilhali katika NBA hulazimika kutoka, kuwakaba watupaji mbali na kikapu, na kukimbizana na walinzi wadogo wepesi.

Katika miaka kumi na zaidi iliyopita, timu za NBA zimeongeza mno mitupo ya pointi tatu. Mtu mkubwa asiyetupa kutoka mbali, na asiyeweza kuwazuia wanaotupa, huwindwa na wapinzani mchezo mzima. Watabiri waliamini kwamba udakaji wa Tshiebwe ungesafiri naye, lakini waliogopa kwamba ulinzi wake usingesafiri.

Utabiri unapokosea

Je, watabiri hupatia? Kwa wastani ndiyo: wanaochaguliwa mapema hudumu zaidi kuliko wanaochaguliwa mwishoni. Kwa mtu mmojammoja, hukosea mara nyingi. Mwaka 2013 Cleveland ilimchagua Anthony Bennett wa kwanza kabisa baada ya msimu mmoja chuoni. Misimu minne baadaye hakuwa tena kwenye ligi. Draymond Green, aliyekaa miaka minne chuoni, alichaguliwa wa 35 mwaka 2012, na ametwaa ubingwa mara nne akiwa na Golden State. Fred VanVleet, naye wa miaka minne chuoni, hakuchaguliwa kabisa mwaka 2016. Mwaka 2019 alikuwa bingwa na Toronto.

Hata kipimo cha umri kina historia inayokipinga. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika chuo cha Georgetown kwa ufadhili wa masomo, akikusudia kuwa daktari. Denver ilimchagua wa nne mwezi Juni 1991, siku moja baada ya kutimiza miaka 25. Alicheza misimu 18, akawa mlinzi bora wa mwaka mara nne, na mwaka 2015 akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Zama hizo wachezaji wengi walimaliza miaka yote minne chuoni, hivyo umri mkubwa haukuwa dosari. Haijulikani ni timu ngapi zingemchagua mapema leo kijana wa miaka 25.

Wala kutosomwa jina si mwisho wa njia. Tshiebwe alisaini na Indiana mkataba unaomruhusu mchezaji kugawa msimu wake kati ya NBA na ligi yake ya maendeleo, kisha akapata mkataba kama huo na Utah. Malipo yake ni madogo kuliko ya duru ya kwanza, na uhakika ni mdogo zaidi, lakini mlango haukufungwa. Kwa Maluach, ambaye Houston ilimchagua kwa niaba ya Phoenix katika mabadilishano yaliyomhusisha Kevin Durant, kuchaguliwa kumempa muda wa kujifunza. Hakujamhakikishia kwamba watabiri walipatia.

Maana yake kwa familia zetu

Tangu mashindano ya BAL yaanze Kigali mwaka 2021, vijana wengi wa Maziwa Makuu wameona kwamba njia ya kwenda Marekani ipo. Maluach mwenyewe aliyapitia, na mwaka 2024 aliichezea City Oilers ya Uganda. Pamoja na njia hiyo wamekuja pia mawakala na watu wa kati wenye orodha za utabiri mikononi, wakimwambia mzazi kwamba mwanawe ni wa nafasi ya 20 au ya 40.

Mzazi anayeonyeshwa orodha kama hiyo ana maswali ya kuuliza. Imetolewa mwezi gani? Ya mwezi Novemba hubadilika sana kufikia Juni. Je, timu zenyewe zimemwita kijana kwa majaribio, au ni maoni ya waandishi? Asipochaguliwa, ataweza kurudi chuoni? Wanafunzi wengi wanaojiandikisha mapema wanaweza kujiondoa kabla ya tarehe maalumu, kwa kawaida mwishoni mwa Mei. Ikipita, mlango wa chuo unaweza kufungwa. Kwa kijana anayeishi Marekani kwa visa ya mwanafunzi, chuo ndicho pia kibali chake cha kukaa nchini.

La mwisho linahusu vyeti. Kwa kuwa umri mdogo huongeza thamani, wapo wanaoshawishika kupunguza miaka ya mtoto kwenye karatasi. Timu huchunguza, na kijana aliyegunduliwa hupoteza imani yao hata kama kipaji chake ni cha kweli. Tarehe sahihi ya kuzaliwa na cheti cha shule vinabaki kuwa mali yake, jina lake lisomwe au lisisomwe.